Kabla ya Kufungua Gundi

Katika madaftari 14 ya sanaa niliyopewa kuyatazama mwezi uliopita hapa Bujumbura, tisa yana picha ileile: usiku wenye nyota wa Vincent van Gogh. Imefotokopiwa nyeusi na nyeupe, imebandikwa kwa gundi ukurasa wa kushoto, na upande wa kulia mwanafunzi ameichora tena kwa kalamu za rangi. Chini yake kuna maisha ya mchoraji kwa mistari minne: alizaliwa Uholanzi 1853, alikufa Ufaransa 1890. Unafungua ukurasa unaofuata na ghafla uko kambini: mashitingi, foleni ya maji, mama amebeba mtoto mgongoni. Kati ya zile nyota na ile foleni hakuna kitu. Hakuna hata mstari mmoja wa penseli unaoonyesha kwamba picha ya kwanza ilimsaidia huyu kijana kufikiri juu ya ya pili.

Kazi waliyopewa ilikuwa nzuri: chagua mchoraji anayejulikana, mtazame sana, kisha tengeneza kitu chako kutokana naye. Vijana wenyewe ni wa sekondari, wengi wakimbizi kutoka Kongo, wengine watoto wa Buyenzi na Bwiza. Wanajua kuchora, hilo sina shaka nalo. Ila nadhani waliisikia ile kazi kama amri ya polisi: onyesha kitambulisho. Wakabandika mchoraji maarufu pale mbele kama kitambulisho, wakapita.

Wako watakaosema shida ni kunakili. Mimi sisemi hivyo. Van Gogh mwenyewe alinakili sana. Alipokuwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kati ya 1889 na 1890, alikuwa na picha zilizochapwa za Millet, yule aliyechora wakulima, na zile karatasi zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi alizitafuta yeye. Kwa hiyo mtoto wetu mwenye fotokopi ya faranga mia chache amekaa kwenye kiti kilekile alichokaa Van Gogh! Rangi haipo, ni yako kuamua. Lakini hakuna aliyewaambia, na wengi wamekimbilia simu ya kaka mtu kutafuta bluu na njano “za kweli.”

Mmoja tu ameupaka usiku wake rangi ya chungwa na kahawia. Nilipomuuliza, nikidhani ataniambia moto wa vita, akaniangalia kama mtu asiyeelewa mambo. Akasema ni kiangazi, vumbi la barabara, na taa za magari ndani ya vumbi. Basi. Ile mizunguko ya Van Gogh angani, kwake imekuwa vumbi. Hapo kitu kimechukuliwa kwa mtu na kimepewa kazi nyingine.

Nitoe mfano mkubwa zaidi, na uwe wa kwetu. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa 1947 katika mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, akauza picha kwa watu wa kawaida wakatundike sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha kama 100 za historia ya Kongo kwa ajili ya mtafiti Johannes Fabian, na mazungumzo yao yalirekodiwa kwa Kiswahili cha Katanga, si kwa Kifaransa. Kila nikimtaja huyu mbele ya vijana, hicho ndicho kinachowashtua: kumbe mtu anaweza kueleza picha zake kwa lugha tunayogombania nayo sokoni.

Ana picha ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Miili mitatu imelala chini. Nyuma yao, misalaba mitatu. Kila aliyewahi kuingia kanisani anaijua hiyo misalaba, na Tshibumba alijua kwamba tunaijua. Hakuchora Golgota kuonyesha kwamba ameiona Golgota. Ameichukua ili aseme kitu kuhusu Lumumba ambacho kwa maneno kingehitaji hotuba ndefu. Halafu ameongeza cha kwake: damu inayomtoka Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Hilo halimo katika picha yoyote ya kanisani. Mimi nikitazama daftari ndicho ninachotafuta. Umechukua nini, na umeongeza nini ambacho mwenye picha hakuwa nacho?

Daftari lililonifurahisha kuliko yote ni la msichana wa miaka kumi na sita aliyemchagua Bodys Isek Kingelez. Kingelez (1948–2015) alikuwa Mkongo aliyejenga miji kwa karatasi, katoni na maboksi ya bidhaa, miji yenye minara na rangi ambazo hakuna serikali imewahi kuzijenga. Mwaka 1994 alikichukua kijiji alichozaliwa, Kimbembele Ihunga, akakifanya jiji. Mwaka 2018 miji yake ilijaza ukumbi wa jumba la MoMA, New York, yeye akiwa ameshafariki.

Msichana huyu hakubandika Kingelez. Alichora jengo moja la Kingelez mara tano, kila mara akiondoa kitu, mpaka akaelewa linasimamaje. Pembeni ameandika kwa Bic: “mbona hakuna watu?” Ni swali la mtu aliyetazama kweli, maana miji ya Kingelez haina watu. Kisha akachukua maboksi ya mafuta ya msaada akajenga soko la Uvira jinsi analotaka liwe, lenye ghorofa tatu, na akaweka watu. Watu wadogo wa waya, wengi mno, wanabanana ngazini. Amebishana na Kingelez, na ubishi wenyewe ndio umekuwa kazi yake.

Mwenzangu mmoja katika kutoa alama alimpa 11 juu ya 20. Ati haionyeshi maisha ya mkimbizi.

Hapa naomba ndugu zetu wa mashirika wanisikilize vizuri, kwa sababu najua mnalisoma jarida hili. Kila semina ya kuchora inayokuja kwetu inaanza na maneno yaleyale: chora safari yako, chora ulichokiona. Picha zinakusanywa na nyingine zinatokea baadaye kwenye kalenda. Sikatai kwamba kuna mtoto anayepona kwa kuchora alichokiona. Lakini ukimwomba kijana ushahidi tu miaka yote, umemfundisha kwamba kichwa chake ni ghala la mabaya, na kazi yake ni kuwafungulia wageni mlango. Ukimpa Kingelez au Tshibumba, umempa mtu wa kuzungumza naye ambaye si polisi na si muuguzi. Anaweza kumkubali au kumkatalia. Anaweza kuchora soko.

Yule msichana nilimpa 17. Tatu nimezikata kwa sababu paa linaanguka.

Mwaka huu nimewaambia vijana wangu kwamba gundi itakaa kwangu. Atakayetaka kubandika picha ya mtu aje kwanza aniambie kwa mdomo anataka kumwibia nini yule mtu: rangi, mkao wa mwili, namna ya kupanga umati, chochote. Wawili wameshakuja. Mmoja hataki mzungu wala Mkongo wa makumbusho. Anamtaka fundi anayechora vichwa vya wateja kwenye vibao vya saluni pale Buyenzi, kwa sababu, anasema, yule mzee anachora nywele moja moja mpaka unaona kibao kizima kinapumua. Tumeenda naye. Mzee ametukubalia tukae dukani Jumatano mbili, bila malipo, ila tusimguse brashi.