Kwaheri ya Newport

Santuri ya Muddy Waters iitwayo At Newport 1960 aghalabu husifiwa kwa wimbo mmoja, nao ni Got My Mojo Working. Husifiwa kwa moto wake, kwa kasi yake, na kwa shangwe za umati zilizofuatwa na marudio yake papo hapo jukwaani. Sifa hizo ni za haki. Lakini santuri ina vipande 9, na anayekomea kwenye shangwe hajaisikia yote. Neno lake zito limo katika wimbo wa mwisho, ambao Muddy Waters hakuutunga wala hakuuimba.

Muddy Waters, aliyezaliwa kwa jina la McKinley Morganfield, alikuwa akifanya kazi katika shamba la pamba la Stovall, Mississippi, pale Alan Lomax alipofika mwaka 1941 kunasa sauti yake kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1943 alihamia Chicago, kama walivyohama maelfu kwa maelfu ya watu weusi waliokimbia dhuluma na ufukara wa Kusini. Huko gitaa kavu lilimezwa na kelele za vilabu vya usiku, naye akashika gitaa la umeme. Kwa mtu aliyetaka kusikika mjini, umeme haukuwa pambo.

Umeme huo ulitumiwa kwa kiasi. Katika Hoochie Coochie Man, utungo wa Willie Dixon, bendi nzima hupiga mkato mfupi kisha hunyamaza. Sauti ya mwimbaji huingia peke yake katika kimya hicho, husema mstari wake, na mkato hupigwa tena. Kila mstari hupata kituo chake. Msikilizaji aliyezoea kusikia shairi likighanwa hatahitaji kuelezwa kazi ya vituo hivyo: ndipo neno linapokaa moyoni kabla ya jingine kufika. James Cotton, kijana wa miaka 25 mwenye kinanda cha mdomo, na Otis Spann kwenye piano hawamzongi mwimbaji. Humjibu, kisha humwachia nafasi. Si nyimbo zote zenye uzito sawa, maana Tiger in Your Tank ni mzaha unaopita haraka, lakini hata hapo adabu ya kupokezana haivunjwi.

Athari ya Muddy Waters ilivuka bahari. Vijana wa London walioanzisha kundi lao mwaka 1962 walijiita Rolling Stones kutokana na wimbo wake wa mwaka 1950. Led Zeppelin nao waliingiza katika wimbo wao mkubwa wa mwaka 1969 maneno ya Dixon ambayo Muddy Waters alikwisha kuyaimba mwaka 1962. Dixon alidai haki yake, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 1987. Ni haki kukiri kuwa warithi hao waliwarudisha wengi kwenye chemchemi. Ila wengi wao walichukua radi wakaacha kimya. Sauti ilizidi kukua, na vituo vikajazwa.

Hapo ndipo wimbo wa mwisho unapodai kusikilizwa. Usiku wa tarehe 2 Julai 1960, maelfu ya vijana, wengi wao wamelewa, waliokosa nafasi katika tamasha la jazi la Newport, walipambana na polisi mitaani. Wakuu wa mji wakaamua kulifunga tamasha. Onyesho la bluzi la alasiri ya tarehe 3 liliruhusiwa kufanyika, na likawa la kuagana. Msimamizi wake alikuwa mshairi Langston Hughes, ambaye tangu mwaka 1926, katika diwani yake The Weary Blues, alikwisha kuipa bluzi makao katika ushairi ulioandikwa. Siku hiyo alichukua fomu ya simu ya maandishi, akatunga juu yake Goodbye Newport Blues, akaikabidhi bendi. Aliyeimba ni Otis Spann.

Kwenye karatasi utungo huo ni mwepesi, na haufikii tungo bora za Hughes. Nguvu yake imo katika bahari yake. Ubeti wa bluzi hutoa kauli, huirudia, kisha huijibu. Marudio hayo humpa msikilizaji nafasi ya kupima alichoambiwa, na mtunzi nafasi ya kutafuta jibu. Mshairi na wapigaji walikuwa na nyumba moja ambayo kila mmoja aliujua mlango wake. Ndiyo maana wino wa alasiri uliweza kuwa wimbo alasiri ileile. Spann anauimba polepole, bila kulia na bila kulaumu, na bendi iliyotoka kutikisa uwanja inamsindikiza kwa upole.

Spann alifariki mwaka 1970, na Muddy Waters mwaka 1983. Wanaoifuata santuri hii kwa ajili ya dansi watalipata dansi. Lakini yafaa wasiondoke shangwe zinapokwisha, kwani kiongozi wa bendi mwenyewe hakuondoka: alimwachia mwenzake sauti ya mwisho, na mshairi neno la mwisho.