Mwizi Aliyefungiwa Ndani: Hesabu ya Gemu ya Bure

Mwaka 2003 Ben Croshaw, kijana Mwingereza ambaye baadaye alipata umaarufu zaidi kwa uhakiki wake wa gemu kwa video, alitoa bure gemu aliyoiita 5 Days a Stranger. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Trilby, mwizi mtanashati wa suti na kofia, anavunja jumba kuukuu la ukoo wa DeFoe ili akombe mali. Akishaingia, hatoki tena: jumba limemfungia, na humo ndani anawakuta wengine waliokwama kama yeye. Kisha watu wanaanza kuuawa na mtu aliyevaa barakoa ya mchomeleaji vyuma na aproni. Mchezaji hana bunduki wala mbio. Ana kishale cha kipanya tu, anabofya mlango, droo au mtu, anaokota vitu, anavijaribu hapa na pale, na siku zinasogea mpaka ya tano. Picha zake ni za pikseli kubwa kubwa, upana 320 na urefu 200, kama gemu za mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaoitazama kwa mara ya kwanza husema ni hamu ya mambo ya kale. Mimi naona kitu kingine: kazi ya mhasibu. Karibu kila kinachoonekana cha kizamani katika gemu hii, na kingi cha kinachotisha ndani yake, ni njia ya mtu mmoja kupunguza kazi mpaka imtoshe.

Tuanze na kipimo chenyewe. Namba 320 kwa 200 hazikuchaguliwa na msanii. Zilikuwa miongoni mwa vipimo vya kadi ya picha ya VGA ambayo IBM iliitoa mwaka 1987. Pikseli 320 mara 200 ni 64,000, na kwa rangi 256 kila pikseli inataka baiti moja, kwa hiyo skrini nzima inaenea katika baiti 64,000. Kompyuta za wakati ule zilishika kumbukumbu kwa mafungu ya baiti 65,536. Skrini moja, fungu moja, na nafasi kidogo ya kupumulia. Kufikia 2003 sharti hilo lilikuwa limekufa kitambo, na kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa zinaonyesha 1024 kwa 768 bila kutoka jasho. Mashine haikumlazimisha Croshaw tena. Kilichomlazimisha ni mkono wake. Skrini ya 1024 kwa 768 ina pikseli 786,432, zaidi ya mara 12 ya ile ya zamani, na kila sehemu ya ziada ya picha inadai kitu cha kuijaza: mikunjo ya pazia, nyufa za ukuta, kivuli chini ya kiti. Katika picha ndogo, mistari minne ya kahawia ni kabati, na jicho la mchezaji linamalizia yaliyobaki. Ukiliweka kabati hilo hilo kwenye picha kubwa, litaonekana kama kazi iliyoachwa njiani.

Chombo alichotumia ni Adventure Game Studio, programu ambayo Chris Jones aliianzisha mwaka 1997 na kuigawa bure. Inafaa kuitazama kwa karibu jinsi inavyojenga chumba kimoja. Mtunzi anaanza na picha tuli ya chumba. Juu yake anapaka rangi kwenye tabaka ambazo mchezaji hazioni kamwe. Tabaka moja inasema ni wapi pa kutembea, yaani sakafu. Nyingine inasema ni vitu gani vinamficha mhusika akipita nyuma yake, kwa mfano meza. Nyingine inagawa picha katika sehemu zinazobofyeka: doa hili ni dirisha, doa lile ni saa ya ukutani. Kisha kila doa linaandikiwa majibu: ukilitazama, maneno haya, na ukiligusa, tukio hili. Mhusika naye anachorwa katika pande nne. Upande wa kushoto hupatikana kwa kugeuza ule wa kulia kama kwenye kioo, kwa hiyo tuseme picha ya kusimama na 8 za kutembea kwa kila upande: pande 3 zinatoa michoro 27, na mtu anatembea. Akiwa na urefu wa pikseli hamsini hivi, uso wake ni vitone vichache. Hawezi kukunja kipaji wala kulegeza midomo, na hakuna anayemdai afanye hivyo. Hofu yake inaandikwa kwa maneno kwenye skrini, na maneno ndiyo mali rahisi kuliko zote kwa mtu anayejua kuandika.

Lakini uchoraji sio mzigo mkubwa. Mzigo wa gemu za aina hii ni kuzidisha. Chukua mfano wa kubuni: vyumba 20, kila kimoja kikiwa na vitu 6 vya kubofya. Hivyo ni vitu 120. Mpe mhusika mfuko wenye vitu 15 alivyookota, na mchezaji mdadisi anaweza kujaribu kila kimoja juu ya kila kingine: ufunguo juu ya saa, kisu juu ya pazia, kamba juu ya maiti. Hizo ni jozi 1,800, na hapo hatujahesabu kutazama, kugusa na kuzungumza. Jozi chache kati ya hizo ndizo zinazosogeza kisa, na zilizobaki zote zinataka jibu. Gemu ikinyamaza, mchezaji anaona ukuta wa karatasi nyuma ya jumba. Gemu ikirudia sentensi ile ile kila mara, anaanza kuchoka na kubofya kwa kubahatisha. Watunzi wengi wa bure huanza na ramani ya nchi nzima yenye misitu, miji na bahari, halafu kuzidisha huku kunawameza kabla hawajafika nusu.

Jumba lililofungwa linalipunguza tatizo hilo kwa pigo moja. Swali ambalo kila gemu ya visa huulizwa, yaani kwa nini siwezi kwenda kule, hapa limekwishajibiwa na kisa chenyewe: hutoki kwa sababu jumba halikuachii. Halafu mgawanyo wa siku unaruhusu jambo ambalo ramani kubwa hairuhusu. Mtunzi anaweza kufungua vyumba kidogo kidogo, na picha ya jana ikatumika leo ikiwa na maana mpya. Rudi kwenye mfano wetu. Siku moja ikiwa na vyumba 8 vilivyo wazi na vitu 4 mkononi, jozi ni 192. Hata tukisema hakuna jibu linalojirudia kwa siku zote tano, jumla ni 960, karibu nusu ya zile 1,800. Zaidi ya hapo, mtunzi anashika siku moja kichwani kwa wakati mmoja, anaimaliza, anaijaribu, ndipo anaiendea ya pili. Na tuseme wazi bila huruma kwa wahusika: kila anayeuawa ni mazungumzo yasiyohitaji kuandikwa tena.

Kama hiyo ingekuwa bahati ya mara moja, tusingeiita mbinu. Croshaw aliirudia. 7 Days a Skeptic ya 2004 inahamisha jumba angani: ni chombo cha kusafiria kati ya nyota, na swali la kutoka nje linajijibu lenyewe. Trilby's Notes ya 2006 ni hoteli huko Wales, na hapo uchumi unakuwa sanaa, maana vyumba vile vile vinageuka ghafla kuwa sura yao ya kutisha kisha vinarudi. Ramani moja ya hoteli, mazingira mawili, na mchezaji anaogopa zaidi kwa sababu anapafahamu mahali palipogeuka. Mfululizo ukafungwa na 6 Days a Sacrifice mwaka 2007. Gemu nne katika takriban miaka minne, za mtu aliyekuwa akichora, akiandika na kupanga msimbo mwenyewe.

Atasema mtu: hapana, hii ni "ya kale ni dhahabu" tu, na ushahidi upo. Chombo chenyewe cha Jones kilijengwa kwa kufuata gemu za kampuni ya Sierra, na sehemu ya jamii iliyokizunguka ilijikita katika kuzifufua. Ni kweli. Kikundi kilichokuja kuitwa AGD Interactive kilitoa upya King's Quest ya kwanza mwaka 2001 na ya pili mwaka 2002, kwa picha za VGA, bure kabisa. Ila tazama mwenendo wao. Quest for Glory II, gemu ya mwaka 1990, waliitoa upya mwaka 2008. Hamu ya kale ilipokuwa ndiyo dereva, kipimo cha picha kilibaki kidogo lakini kazi ilikua: mandhari yaliyopakwa rangi kwa uangalifu, timu ya watu, uaminifu kwa ramani ambayo mtu mwingine aliichora. Pikseli zilikuwa zile zile 320 kwa 200 pande zote mbili. Tofauti ilikuwa katika kilichokatwa, na hamu ya kale haikati kitu, maana kila kilichokuwemo inakipenda.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: gemu hizi zinasifiwa kwa sababu ni za bure, na cha bure hakikosolewi. Lipo tatizo halisi hapa. Katika picha ndogo, ufunguo sakafuni ni vitone vitatu vya njano, na mchezaji anaweza kupitisha kishale kwenye kila inchi ya chumba akiutafuta huku kisa kimesimama. Huo ni udhaifu wa kipimo chenyewe, na bei haiuponyi. Kinachoupunguza ni jina la kitu kujiandika kishale kikipita juu yake, jambo ambalo si kila mtunzi alilijali. Hata hivyo, bei ya sifuri hufanya kazi nyingine ambayo wakosoaji huisahau. Gemu ya dukani inadaiwa saa nyingi ili mnunuzi asijione ameibiwa, na saa hizo mara nyingi hujazwa kwa mafumbo ya kuzungusha mtu. Ya bure inaruhusiwa kuisha inapoisha. Dave Gilbert wa New York aliitengeneza The Shivah mwaka 2006 kwa ajili ya mashindano ya kila mwezi ya watumiaji wa programu ya Jones. Ni kisa kifupi cha rabi aliyechoshwa na imani, aliyeachiwa urithi na mtu waliyekosana naye. Badala ya mfuko uliojaa vitu, fumbo kubwa limo katika mazungumzo, ambapo rabi anaweza kujibu swali kwa swali. Mwezi mmoja ulimlazimisha kukata, naye akakata mahali sahihi. Alipoiongezea sauti na kuiuza mwaka huo huo, mifupa ya kisa ilikuwa ile ile.

Kuna mahali ambapo hesabu hii inagongana na lugha, na sisi tunaotumia Kiswahili tuna sababu ya kupatazama. Trilby's Notes iliacha kubofya ikarudi kwenye kuandika amri kwa maneno, kama gemu za kale zaidi. Ilifaa kwa kisa kile, lakini kamusi ya amri zake ni ya Kiingereza, na asiyeijua amebaki mlangoni. Gemu ya kubofya ni karimu zaidi. Programu ya Jones huweza kutoa sentensi zote za gemu katika faili moja, mfasiri akaandika tafsiri chini ya kila mstari, na gemu ikazisoma inapowashwa. Amri zenyewe hazina shida kwetu: "Tumia ufunguo kwenye mlango" haiulizi ngeli. Shida iko kwenye jibu moja la jumla, lile linalotolewa kwa kila jozi isiyoandikiwa jibu lake, linalookoa jozi zaidi ya elfu. Kwa Kiingereza mhusika akisema hawezi kukiokota kile, sentensi moja inatosha kwa kila kitu duniani. Kwa Kiswahili ufunguo siwezi kuuokota, jiwe siwezi kuliokota, kisu siwezi kukiokota, picha siwezi kuiokota. Mfasiri mjanja atakimbilia "kitu hicho hakiokotiki", na kwa meza, saa na pazia atakuwa amepona. Kisha mchezaji atambofya mmoja wa waliokwama pamoja na Trilby, na gemu itamwita kitu.

Dawa yake imo ndani ya msimbo tayari. Kitendo kisichoandikiwa jibu kinapotokea, programu hiyo hukipeleka mahali pamoja kikiwa na namba ya utambulisho: 1 ikiwa ni sehemu ya picha, 2 ikiwa ni kitu kilichowekwa chumbani, 3 ikiwa ni mhusika. Mtunzi akiandika mistari miwili tofauti, mmoja wa namba 3 na mwingine wa zilizobaki, mfasiri atapata pa kuweka "huyo habebeki" mbali na "kitu hicho". Ni mstari mmoja wa ziada, na mfasiri hawezi kuuongeza mwenyewe kutoka kwenye faili lake. Inabidi mtunzi awe ameuandika siku ile alipokuwa akihesabu jozi.