Sikukuu haianguki: Kalenda ya Wayahudi na Kiswahili cha habari zetu

KITENZI 'kuanguka' kina kazi nyingi katika Kiswahili na hakijawahi kulalamika. Mti huanguka, serikali huanguka, thamani ya shilingi huanguka, mtahiniwa huanguka mtihani. Siku hizi kimebebeshwa mzigo mwingine. Wasomaji wetu wa habari wanatuambia kwamba Pasaka ya Wayahudi 'inaanguka' Jumatano, au kwamba Mwaka Mpya wao 'utaangukia' Septemba. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza ubaya uko wapi ikiwa kila mtu anaelewa. Swali zuri, na makala haya ni jibu langu.

Kwanza, ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, na Kiswahili hakina upungufu hapo. Sikukuu huwadia, huingia, hufika, husadifu siku fulani, au kwa lugha nyepesi kabisa huwa: 'Pasaka itakuwa Alhamisi.' Mwezi huandama. Ramadhani huingia na kutoka. Hakuna mzee wa Lamu wala wa Kisumu aliyewahi kusema Idi imeanguka. Pili, na hapa ndipo hoja ilipo hasa, 'kuangukia' kwetu kuna harufu ya bahati. Kura humwangukia mtu. Lawama humwangukia asiyehusika. Anayesema Pasaka ya Wayahudi imeangukia Aprili anatufanya tuamini kwamba mtu alirusha sarafu hewani. Na kweli sentensi inayofuata huwa ni ile ile: 'Tarehe ya sikukuu hii hubadilika kila mwaka.'

Haibadiliki. Pasaka ya Wayahudi ni tarehe 15 mwezi wa Nisani, kila mwaka, bila kuyumba. Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya, ni tarehe 1 Tishri. Yom Kippur, ile Siku ya Upatanisho, ni tarehe 10 Tishri. Sikukuu ya Vibanda huanza tarehe 15 mwezi huo huo, na Hanuka tarehe 25 Kislevu. Kinachotofautiana ni kalenda mbili zinazowekwa sambamba, yao na hii ya ukutani mwetu. Akisimama Myahudi wa Yerusalemu na kutazama Krismasi kwa kalenda yake, ataona ni Krismasi inayohamahama.

Sasa basi, hesabu yenyewe ikoje? Mswahili ana bahati ya kuielewa upesi kwa sababu lugha yake haitenganishi mwezi wa angani na mwezi wa kalenda. Ni neno moja, kwa kuwa hapo zamani vilikuwa kitu kimoja. Mwezi wa Kiyahudi huanza mwezi unapoandama, na una siku 29 au 30. Miezi 12 ya namna hiyo hufanya siku 354, takriban 11 pungufu ya mwaka wa jua. Kufikia hapo, Myahudi na Mwislamu wako njia moja. Wanapoachana ni katika kuamua la kufanya na siku hizo 11.

Kalenda ya Hijria huziacha ziende. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka 33 hivi. Wayahudi hawangeweza kufanya hivyo, kwani Torati inaiweka Pasaka katika mwezi wa Abibu, mwezi wa masuke ya shayiri, yaani majira ya kuchipua. Ukiziacha siku 11 zipotee kila mwaka, baada ya muda mfupi Pasaka itaingia kwenye kipupwe, na shayiri haipo. Kwa hiyo katika kila miaka 19, miaka saba huongezewa mwezi mzima, Adari ya pili, na mwaka ukawa wa miezi 13. Hesabu hii ya miaka 19 Wababeli waliijua pia, na hata majina Nisani, Tishri na Kislevu yalitoka Babeli pamoja na waliorudi uhamishoni.

Mwaka huo wa miezi 13 tuuiteje? Nimeona mahali umeitwa 'mwaka mrefu'. Hapana. Mwaka mrefu tayari ni jina la ule wenye Februari ya siku 29, na tukilitumia kwa mambo mawili tutawachanganya watoto shuleni. Waebrania wenyewe huuita kwa neno lenye maana ya mwaka mjamzito. Mimi naona tuuchukue hivyo hivyo: mwaka wenye mimba. Lugha iliyozaa 'mtama umeshika mimba' haiwezi kuona haya hapo.

Pwani yetu ilitatua tatizo hilo hilo kwa njia nyingine. Waswahili waliuacha mwaka wa mwezi uwe wa dini, wenye Rajabu, Shaabani na Mfungo Mosi, kisha wakaweka kando mwaka wa jua wa siku 365 unaoanza Nairuzi, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, kwa ajili ya kulima na kusafiri baharini. Wayahudi walifunga kalenda mbili kwa kamba moja. Waswahili waliziacha zitembee sambamba. Sijui kwa nini vitabu vyetu vya shule haviyasemi haya. Mkenya anafikishwa chuo kikuu akidhani kalenda ni moja tu duniani, na nyingine zote ni 'za kitamaduni'.

Kutoelewa mwaka wenye mimba ndiko kulikozaa fadhaa ya 2024. Wakristo wa Magharibi waliadhimisha Pasaka tarehe 31 Machi. Pasaka ya Wayahudi ikaingia jioni ya 22 Aprili, majuma matatu baadaye. Kanuni ya Kikristo hutafuta Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, na mwaka ule mwezi ulipevuka tarehe 25 Machi. Wayahudi nao walikuwa katika mwaka wao wa 5784, mwaka wenye mimba, na mwezi uliopevuka wakati huo kwao ulikuwa Adari ya pili, sikukuu ya Purimu. Hakuna aliyechelewa. Mwaka 2026 zimekaribiana sana: Wayahudi jioni ya 1 Aprili, Wakristo 5 Aprili. Na kwa kuwa Kiswahili kina neno moja tu, Pasaka, kwa sikukuu zote mbili, mwandishi lazima aseme ni ipi. Anayeandika 'Pasaka' peke yake katika habari za Yerusalemu anatuacha gizani.

Kosa la pili ni la siku kuanza lini, na hili linaniuma zaidi kwa sababu ni elimu tuliyokuwa nayo tukaitupa. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama. Kwa hiyo Yom Kippur ya 2025 haikuanza Alhamisi 2 Oktoba asubuhi. Iliingia Jumatano jioni. Mwandishi anayemtafuta kiongozi wa sinagogi kwa simu Jumatano usiku, akidhani sikukuu ni kesho, hatapokewa simu. Mswahili wa kale hangekosea. Kwake 'usiku wa Ijumaa' ulikuwa usiku unaoitangulia Ijumaa, ule ambao leo tunalazimika kuuita 'usiku wa kuamkia Ijumaa'. Saa yetu nayo bado inaanza moja jua likishazama, ingawa vijana wameanza kusema 'saa kumi na tisa' kama watangazaji wa uwanja wa ndege. Waadventista wa Nyamira na Kisii, ambao Sabato yao huingia Ijumaa magharibi, wanaweza kuufundisha ulimwengu wa habari somo hili kwa dakika tano.

Hata mfungo wenyewe huelezwa vibaya. Huambiwa eti Wayahudi 'hufunga kutwa'. Kutwa ni tangu kuche mpaka kuchwe. Wao hufunga tangu magharibi hadi usiku unaofuata, saa 25 hivi, bila chakula wala maji: ni kucha na kutwa. Kiswahili kina maneno yote mawili, mbona tutumie moja?

Mtu atasema, Profesa, haya ni mambo ya tarehe tu. Chukua vita vya Oktoba 1973. Misri na Syria zilishambulia Jumamosi, 6 Oktoba. Israeli huviita Vita vya Yom Kippur, kwa sababu siku hiyo ilikuwa 10 Tishri 5734. Waarabu huviita Vita vya Ramadhani, kwa kuwa ilikuwa 10 Ramadhani 1393. Karibu na Cairo kuna mji uitwao 6 Oktoba na mwingine uitwao 10 Ramadhani, na yote miwili ni ya siku ile ile. Nimesoma makala ya Kiswahili yaliyotaja majina hayo kana kwamba ni vita viwili. Mwandishi angejua kwamba Tishri na Ramadhani ziliandama kwa mwezi mmoja wa angani, angeona kumi na kumi na kutambua kwamba hilo halikuwa jambo la kushangaza. Mwaka 2026 Ramadhani ilianza Februari, huku Tishri ikisubiri Septemba, mahali pake pa siku zote. Katika zama zetu Rosh Hashana haitoki nje ya 5 Septemba na 5 Oktoba.

Niguse majina, kwa ufupi. 'Sikukuu ya Hema' tuiache. Kinachojengwa ni kibanda cha kuezekwa kwa matawi, si turubai, na Biblia ya Kiswahili ilipata pale iliposema Vibanda. Najua Mnairobi akisikia kibanda anawaza chapati na maharagwe, atazoea. 'Upatanisho' nao ni mzuri, ingawa Mswahili ana neno la ukoo mmoja na kippur, nalo ni kafara, lililotufikia kwa Kiarabu.

Ila 'Krismasi ya Wayahudi' kwa maana ya Hanuka, jameni, hiyo hapana. Hanuka hukumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 Kabla ya Kristo, baada ya Wamakabayo kuliteka tena. Itakuwaje Krismasi ya mtu kabla Yesu hajazaliwa? Eti kwa sababu ziko Desemba na zote zina taa. Mwaka 2013 siku ya kwanza ya Hanuka ilikuwa 28 Novemba, hata Desemba haijafika. Na jina la Kiswahili lipo tangu zamani katika Injili ya Yohana, sura ya 10: Sikukuu ya Kutabaruku. Neno tamu, la ukoo wa baraka, na limelala tu humo bila mtumizi.

Wahariri wanaotaka kujiandaa, basi wachukue kalamu. Mwaka wa 5787 unaingia Ijumaa, 11 Septemba 2026, jua likizama. Yom Kippur itaingia Jumapili jioni, 20 Septemba, na Vibanda Ijumaa jioni, tarehe 25. Mwaka huo una mimba. Kwa hiyo Pasaka ya Wakristo wa Magharibi itakuwa 28 Machi 2027, na ya Wayahudi itaingia Jumatano jioni, 21 Aprili. Ikifika hapo, nisisikie mtu akisema imechelewa, wala kwamba imeanguka.