Gurudumu la mumba

Ukitaka kujua fundi wa chukudu ni fundi kweli, usitazame usukani wala ubao wa katikati. Inama utazame magurudumu. Chombo hiki cha miti, kinachoshuka vilima vya Masisi, huko Kivu Kaskazini, kuelekea Sake na Goma kikiwa na viazi, makabichi, ndizi au magunia ya makaa, hakina injini. Kina mteremko, kina mguu wa mwendeshaji, na kina magurudumu mawili madogo ya mti yanayobeba mamia ya kilo juu ya mawe ya volkano. Gurudumu likipasuka njiani, mzigo uko chini, na mtu aliyeudhibiti kwa mikono yake huenda akawa chini yake. Kwa hiyo kazi ya fundi huanza mbali sana na karakana: huanza kwenye mti.

Mwili wa chukudu, ule ubao mrefu unaopanda kuelekea usukani, hutoka kwenye mkaratusi. Mti huu si wa kwetu kwa asili. Ulitoka Australia, ukapandwa, na leo umejaa kwenye migongo ya vilima vya Masisi. Hukua haraka, hunyooka, hupatikana kwa bei anayoimudu mtu. Kasoro yake ni kwamba ukikauka ovyo hujikunja na kupasuka. Fundi analijua hilo, ndiyo maana anaukausha kivulini bila papara. Lakini gurudumu hataki kulikabidhi kwa mkaratusi kama ana namna nyingine. Gurudumu anataka mumba.

Mumba, ambao wataalamu wa mimea huuita Prunus africana, ni mti wa mlimani. Maskani yake ni misitu ya baridi na ukungu, takriban kati ya mita 1,000 na 3,000 juu ya usawa wa bahari, kuanzia Kameruni hadi Kenya, Afrika Kusini na Madagaska. Unaweza kufikia mita 40. Aliyeuzoea huutambua kwa gome jeusijeusi lililopasukapasuka vipande vya pembe nne, na kwa kikonyo cha jani chenye wekundu. Akiwa na shaka huchuma jani, hulifikicha, hulinusa: hutoka harufu kali ya lozi chungu. Mbao zake ni nzito na ngumu. Zikikatwa huwa na rangi ya waridi, kisha kadiri siku zinavyopita hukolea na kuwa za kahawia nyekundu. Mipini ya shoka na ya majembe imetengenezwa kwa mti huu tangu enzi za mababu.

Mtazame sasa fundi akiwa na kipande kinene cha mumba mbele yake. Kwanza anakigeuza na kukigeuza tena, akitafuta kiini cha mti, maana ufa mwingi huanzia hapo. Akikiona, anakikwepa. Anapigilia msumari katikati, anafunga uzi, anazungusha duara. Kisha panga linaanza kazi, kwa mapigo mafupi, fundi akifuata uelekeo wa nyuzi za mti asije akazing'oa. Patasi hufungua tundu la ekseli polepole, kutoka upande mmoja na kisha mwingine, ili mashimo yakutane katikati pasipo kumegua ukingo. Mwisho huja ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu la gari, unaopigiliwa kuzunguka ukingo. Mpira huohuo, ukining'inizwa juu ya gurudumu la nyuma na kukanyagwa, ndio breki. Hakuna mchoro wala karatasi ya vipimo. Jicho na mkono vimeshakubaliana zamani.

Hekima hii ya kuchagua mti kwa ajili ya gurudumu wanayo na wengine duniani. Afrika Kusini, mti huuhuu wa mumba ulitumika kutengeneza mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe. Uingereza, mafundi wa magurudumu walitumia mti unaoitwa elmi kwa kitovu cha gurudumu, kwa sababu nyuzi zake zimefumana na hazipasuki kirahisi hata ukitobolewa pande zote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kuvu anayebebwa na mbawakawa wa kwenye magome aliziba mishipa ya maji ya miti hiyo, na elmi zaidi ya milioni 25 zikafa nchini humo. Mti ambao ulikuwa nguzo ya ufundi ulitoweka mashambani mbele ya macho ya watu wa kizazi kimoja.

Mumba nao unaweza kutoweka vivyo hivyo, na hauwezi kuhamishwa tu tukauotesha popote. Teremka kutoka Masisi uelekee Walikale, uone jinsi baridi inavyokuacha, msitu unavyozidi kuwa mrefu na wa joto, na miti inavyobadilika. Huko mti uitwao limbali ndio hutawala mahali pengi, na mumba umebaki nyuma juu milimani. Ukiisha Masisi, Walikale haitatukopesha.

Na hatari ipo. Tangu miaka ya 1960, gome la mumba limetafutwa kwa dawa ya wanaume wenye matatizo ya tezi dume, na Kivu Kaskazini imekuwa miongoni mwa maeneo yanayoliuza nje. Mwaka 1995 mti huu uliwekwa chini ya uangalizi wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama pori. Kubandua gome nako kuna ufundi wake: mbanduaji mwenye adabu huchukua robo mbili za shina zinazokabiliana, huacha robo mbili, kisha huupa mti miaka kadhaa ujirudishie ngozi. Mwenye haraka huuvua wote kuuzunguka. Mti huo hukauka kuanzia kileleni, na ukifa umekufa na mbegu zake.

Tunajivunia chukudu, hata tumeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu mjini Goma, na vita vinapotuhamisha ndiyo inayobeba magodoro na watoto. Basi tuuheshimu na mti wake. Mbegu ya mumba haivumilii kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Ichume ikiwa imeiva, ioshe, ioteshe kabla haijakauka. Mche uupande kando ya shamba, kwenye mpaka wa malisho, nyuma ya nyumba. Hautakulipa mwaka huu wala ujao, kwani huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Lakini kila fundi unayemsifu leo anachonga mti ambao hakuupanda yeye. Panda wa yule atakayekuja.