Kamusi na Mwanafunzi wa Sekondari

Yafaa tuzipime kamusi za Kiingereza wazitumiazo watoto wetu wa sekondari, kwa maana mzazi hununua kitabu hicho kwa taabu, akidhani ya kwamba akiisha kukinunua kazi imekwisha.

Katika wilaya ya Chemba, iliyotengwa na Kondoa mwaka 2012, mtoto wa Kisandawe au wa Kiburunge husema lugha ya mama yake nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha aingiapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hiyo ni lugha ya tatu. Asipoyapata maneno yake, atashindwa mtihani hata katika mambo ayajuayo.

A. C. Madan alitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, kwa matumizi ya wamisionari wa U.M.C.A. Juu ya msingi huo ilijengwa kamusi ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939. Kazi hizo zastahili heshima. Lakini tuangalie msingi ule uliwekwa kwa ajili ya nani. Mwingereza alilijua neno lake. Alitafuta la Kiswahili tu, na kwake maneno matano yaliyopangwa mstari mmoja yalikuwa utajiri. Mtoto wetu aja kutoka upande wa pili. Lililo gizani kwake ni neno la Kiingereza lenyewe, na maneno yale matano humwacha njia panda.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi yake mwaka 1996. Hii yamfaa mwanafunzi zaidi, kwa kuwa hutenga maana moja moja, na mara nyingi huonyesha neno ndani ya sentensi. Hata hivyo kamusi peke yake haitoshi.

Twaa maneno mawili ya mtihani, “describe” na “explain.” Yote mawili yaweza kufasiriwa “eleza,” na mtoto akaridhika. Lakini msahihishaji hayahesabu kuwa moja. Akiambiwa “describe” makorongo ya Kondoa, sharti aseme yalivyo: urefu, upana na kina chake. Akiambiwa “explain,” sharti aseme sababu: miti ilikatwa, nyasi zikaliwa na mifugo, mvua ikapiga ardhi iliyo tupu, maji yakauchukua udongo. Aliyejifunza “eleza” tu aweza kujaza kurasa mbili na kukosa alama, naye makorongo ameyaona kwa macho yake.

Basi maneno yapatikane kwa njia gani? Kwanza, kwa kujua ukoo wake. Sisi twajua ya kwamba mwandishi na maandiko hutoka katika “andika.” Tena kitabu, katibu na maktaba ni ndugu, wote wa shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuandika. Kiingereza nacho kina shina la Kilatini lenye maana hiyohiyo, nalo limezaa “scripture,” yaani Maandiko, na “manuscript,” yaani andiko la mkono, hata “describe” yenyewe. Mwenye kujua shina hakariri kama kasuku. Lakini aangalie: shina hudokeza, na sentensi ndiyo huthibitisha.

Pili, kwa kusoma habari nzima. Injili yafaa sana, maana kisa mtoto amekwisha kukijua kwa Kiswahili. Ila asianze na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambayo maneno yake mengi hayasemwi tena. Achukue tafsiri nyepesi, kama ile iitwayo Good News Bible, iliyokamilika mwaka 1976. Asome sura moja, afunge kitabu, akisimulie kisa kwa Kiingereza chake mwenyewe.

Na mzazi asiyejua Kiingereza asijidharau. Aweza kumwambia mwanawe, “Tia neno hilo katika sentensi, kisha nifafanulie kwa Kiswahili.” Mtoto akigugumia, neno bado si lake.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: nunueni kamusi, na chagueni yenye sentensi. Lakini msimsifu mtoto kwa wingi wa maneno aliyoyakariri. Msifuni kwa yale awezayo kuyatumia mahali pake.