Mjane na Misheni katika Riwaya ya Margaret Ogola

Ni rahisi kuisoma The River and the Source (1994) kama hadithi ya Ukristo kumkomboa mwanamke wa Kijaluo. Nyabera, mjane aliyechoshwa na desturi ya tero, aikimbilia misheni. Mamaye, Akoko, amfuata na kubatizwa. Hata hivyo, tuzingatie mpangilio wa matukio. Kabla ya ubatizo huo Akoko alikwisha kwenda Kisumu kumshtaki shemejiye mbele ya serikali ya kikoloni, akidai haki ya mjukuu wake kwa mujibu wa mila. Kwa hiyo dini haikumpa kipimo cha wema, bali makao nje ya himaya ya ukoo.

Udhaifu wa riwaya ni kutoipima tero kwa uzito ule ule. Kimila, watoto wa tero huhesabiwa kuwa wa marehemu, na mjane hubaki mkewe. Shabaha ilikuwa matunzo. Nasi tunapoifasiri tero kuwa “kurithi mjane”, tumekwisha kuhukumu kabla ya kuhakiki: tumemhesabu mjane pamoja na ng’ombe.