Ubeti ni Nyumba: Yeats na Picha za Dublin

Katika Kiarabu neno bayt lina maana mbili: nyumba, na mstari wa shairi. Sisi tulipolipokea tukalifanya ubeti. Nyumba tukaisahau, tukabaki na shairi. Waitalia nao huuita ubeti stanza, yaani chumba. Haya hunijia kila nijaribupo kulitia katika Kiswahili shairi la W. B. Yeats la mwaka 1937, linalosimulia ziara yake katika Jumba la Sanaa la Jiji la Dublin. Mshairi anaingia chumbani, anatazama picha zilizotundikwa ukutani, na kila ubeti ni chumba kingine. Lakini shairi hilo halisomeki barabara bila ya jingine alilolitoa miaka 24 kabla yake, na baina ya mawili hayo mna jambo ambalo, kwa maoni yangu, mshairi huyu mkubwa alilikosea.

Kisa chenyewe ni hiki. Hugh Lane, mzaliwa wa jimbo la Cork mwaka 1875, alikuwa mfanyabiashara wa picha mwenye jicho kali. Mwaka 1908 alifungua Dublin jumba la kuonyesha sanaa mpya. Humo alitundika picha za Wafaransa, wakiwemo Renoir, Manet na Degas, akaahidi kwamba zitakuwa mali ya jiji iwapo jiji litazijengea nyumba ya kudumu. Lutyens, msanifu majengo maarufu wa Kiingereza, akachora jumba la kukaa juu ya daraja la mto Liffey. Fedha zikatafutwa. Ikawa tajiri mmoja hataki kuongeza mchango wake mpaka ithibitike kwamba watu wanazitaka picha.

Yeats alimjibu kwa shairi katika gazeti la Irish Times, Januari 1913. Mtoaji wa kweli, asema, hangoji kuuliza watu. Hutoa kilicho bora, kama walivyotoa watawala wa Ferrara, Urbino na Florence zama za kale, wasijali soko lasemaje. Kwa ufundi sina la kulitoa kasoro shairi hilo: hasira yake hutiririka mshororo hadi mshororo, na vina havitetereki. Ila hasira si hoja. Watu wa kawaida humo ni umati tu, usiojua lolote wala usiostahili kuulizwa.

Basi umati huo ulikuwa ukiishi wapi? Hapa hatuna budi kuingia ndani ya nyumba. Katika karne ya 18 matajiri wa Dublin walijenga majumba ya matofali, kuta za nje zikiwa hazina makuu, ilhali ndani mafundi walijaza dari na kuta kwa nakshi za chokaa: mashada ya maua, ndege, nyuso za miungu. Msomaji aliyeviona vidaka vya chokaa katika nyumba za kale za Lamu atafahamu upesi uzuri wa aina hiyo: chokaa ile ile ya kupakia ukuta, mkononi mwa fundi hugeuka johari. Nyumba nambari 14 ya mtaa wa Henrietta ilijengwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1740 kwa ajili ya wakubwa. Mwaka 1877 ikagawanywa vyumba vya kupangisha, na ngazi yake kuu ikang'olewa ili vipatikane vyumba zaidi. Sensa ya mwaka 1911 iliwakuta humo watu wapatao 100. Basi wale walioambiwa hawajui uzuri walikuwa wakilala chini ya uzuri kila usiku, njaa ikiwa tumboni na nguo zikianikwa chini ya dari za wakubwa.

William Martin Murphy, mwenye magazeti na tramu, alilipinga jumba la picha akidai kwamba nyumba safi za maskini zina faida kuliko picha zote. Ni neno zito. Lakini Agosti ya mwaka huo huo yeye ndiye aliyewaongoza waajiri kuwafungia maelfu ya wafanyakazi milango ya kazi. Na James Larkin, kiongozi wa wafanyakazi hao, je? Yeye aliliunga mkono jumba la picha. Aliyejidai kuwahurumia maskini aliwanyima kazi na picha pamoja. Aliyesimama nao aliwatakia vyote viwili. Kwa insafu niseme kwamba Novemba 1913 Yeats naye aliandika katika gazeti la wafanyakazi kuwatetea. Katika nathari aliwaona. Katika shairi hakuwaona.

Septemba 1913 Halmashauri ya Jiji iliukataa mpango wa darajani, na Lane akazipeleka picha zake London. Wasia wake uliziacha huko. Februari 1915 aliandika nyongeza ya kuzirudisha Dublin, akaitia saini, asiweke mashahidi. Tarehe 7 Mei mwaka huo akafa maji pamoja na meli ya Lusitania. Picha 39 zikagombewa kwa miaka mingi kwa ajili ya saini za mashahidi ambazo hazikuwapo. Mwaka 1959 ndipo yalipopatikana mapatano ya kuzionyesha kwa zamu katika miji miwili, na mapatano mapya yalifanywa mwaka 2021.

Jumba la sanaa nalo lilipata makao mwaka 1933: Charlemont House, nyumba ya mwungwana wa karne ya 18 iliyosanifiwa na William Chambers. Vyumba vya bwana mmoja vikawa vya kila mpita njia. Hapo ndipo Yeats alipoingia mwaka 1937. Aliwaona ukutani Lady Gregory kwa mkono wa Mancini, Synge kwa mkono wa babake Yeats mwenyewe, na Casement akihukumiwa kwa mkono wa Lavery. Magoti yake, atuambia, yakaregea. Hasira ya 1913 imetulia, pahala pake pamekaa shukrani kwa marafiki. Ni shairi kubwa zaidi, kwa sababu mtunzi ameacha kuhukumu akakubali kutazama.

Hata hivyo, amewatazama nani? Anawataja kwa heshima mwungwana na ombaomba. Kati yao hakuna mtu. Fundi wa chokaa hayumo, wala mpangaji wa mtaa wa Henrietta, wala Larkin. Nyumba imekuwa ya wote. Shairi limebaki la marafiki.

Beti za shairi hilo zina mishororo minane minane, isipokuwa ubeti wa tano, wenye saba. Sidai kwamba mtunzi alikusudia kusema lolote kwa upungufu huo. Lakini mfasiri hushawishika kuujaza, na mimi nilijaribu, nikaufuta mshororo wangu. Haukuwa wangu kuutia. Nimeuacha ubeti na pengo lake, kama ukuta wenye msumari usio na picha, ili msomaji aliyewahi kupanga chumba katika nyumba ya watu ajiulize ni nani ambaye hakutundikwa pale.